Risiva kubwa sebuleni Dodoma: nilivyoichagua na tunavyoishi nayo

Mgeni akiingia kwetu akaliona lile dude jeusi chini ya tivi, swali la kwanza huwa ni moja tu, hii ina wati ngapi? Na ndo tulivyozoeshwa, maboksi ya sabufa madukani yameandikwa namba kubwa kubwa, muuzaji akikufungulia wimbo mmoja wa bongo fleva mpaka vioo vya shokesi vinalia unaamini umepata mziki. Mimi hii risiva, yaani amplifaya ya chaneli nyingi inayopokea sauti ya tivi na king'amuzi na kuigawa kwenye spika za sebule nzima, sikuinunua ili nyumba itetemeke. Niliinunua ili maneno yasikike, na kila kitu nilichoangalia kabla ya kutoa hela nilikipima kwa swali hilo moja: sauti ikiwa chini, watoto wamelala, mtu akiongea kwenye tivi je aliyekaa kwenye kochi anaelewa kila neno? Wadau wamekuwa wananiuliza sana WhatsApp, basi nikaona niandike yote sehemu moja.

Tatizo lenyewe liko hivi. Nyumba zetu za huku ni tofali za saruji, plasta, chini taili, madirisha ya aluminiamu na vioo vipana, juu dari la jipsamu. Kwa kuishi ni nyumba nzuri kabisa ila kwa sauti ni mtihani. Piga kofi sebuleni kabla hujaingiza makochi utasikia linavyozunguka ukutani. Sasa mtangazaji akiongea sauti yake inakufikia mara ya kwanza moja kwa moja toka kwenye spika, afu inakufikia tena na tena ikitokea ukutani, kwenye kioo, kwenye taili, na zile herufi ndogo ndogo, s, t, k, f, zinamezwa humo humo. Tivi za siku hizi nazo ni nyembamba mno, spika zake ni ndogo na nyingi zinatazama chini au nyuma, kwa hiyo unaongeza sauti, ukiongeza sauti matangazo yanakuja na kelele unapunguza, muvi inarudi husikii unaongeza, usiku mzima rimoti iko mkononi.

Mzee wangu anakaa na sisi tangu alipohama Kondoa na masikio yake yameanza kuchoka. Taarifa ya habari ya saa mbili kwake ni kama sala, haikosi. Akawa anavuta kiti mpaka mbele kabisa ya tivi, na kila dakika anamuuliza mjukuu wake amesema nini huyo, amesema nini. Hapo ndo nikaanza kusoma kuhusu hizi risiva kwa umakini, na nikagundua kwamba kwenye muvi au kipindi kilichotengenezwa kwa chaneli 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, sehemu kubwa ya maongezi imewekwa peke yake kwenye spika ya kati. Iko tayari imetengwa! Ukiwa na risiva unaweza kuipandisha hiyo spika ya kati peke yake, milipuko na muziki ukaviacha pale pale vilipo. Kwenye tivi peke yake au kwenye sabufa ya kawaida ya madukani huwezi, vyote vimechanganywa kwenye kulia na kushoto.

Turudi kwenye wati maana hapo ndo pesa za watu zinapotea. Ile 1000W kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa njia ya kufurahisha macho, chaneli moja ndo inafanya kazi, mlio mmoja tu wa 1 kHz, na mkwaruzo, yaani sauti kuharibika, wanauruhusu mpaka asilimia 10. Hii yangu ni Denon AVR-X3800H, kitabu chake kinasema wati 105 kwa chaneli kwenye spika za ohm 8, kuanzia 20 Hz mpaka 20 kHz, yaani toka besi nzito kabisa mpaka mlio mwembamba kabisa, mkwaruzo asilimia 0.05, chaneli mbili zikipiga pamoja. Mbele ya 1000 inaonekana ndogo lakini hizo 105 ni za kweli, unazitegemea. Alafu masikio hayahesabu kama mita ya umeme: ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, unasikia imepanda kidogo basi. Chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli 88 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, ukikaa mita 3 bado unapata karibu desibeli 80 kwa hiyo wati moja, na maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama 60 hivi. Wati moja! Kwa hiyo sisi usiku hata wati moja hatuimalizi, hizo nyingine zinasubiri mlango ubamizwe au ngoma iingie, zije na kuondoka bila sauti kupasuka. Ndo maana anayeniambia risiva fulani ina 125 nyingine ina 105 namwambia hiyo tofauti hutaisikia, angalia vitu vingine.

Vitu vingine vyenyewe ni vipi. Nilizozishindanisha zilikuwa Denon hiyo, Marantz Cinema 50, Yamaha RX-A6A na Onkyo TX-RZ50, zote za chaneli 9. Denon na Marantz ziko chini ya mwavuli mmoja tangu 2002 na ndani zinafanana kwa mengi, Marantz unalipia zaidi umbo na namna walivyoitengeneza upande wa muziki, na kiukweli ni nzuri kuitazama, mke wangu aliipenda ile. Yamaha nayo imejengwa kiume, hizo za familia yao ya Aventage zina mguu wa tano katikati chini ya tumbo kupunguza mtetemo. Onkyo ilinitesa moyo kwa sababu inakuja na Dirac Live ndani bila kulipia zaidi, na Dirac ni programu ya Waswidi ya kusahihisha sauti ya chumba ambayo watu wengi wanaijua wanaikubali sana.

Nikaenda na Denon kwa sababu tatu. Ina Audyssey MultEQ XT32 ya kupima chumba na Dirac unaweza kuongeza baadae kwa kulipia, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ina matundu manne ya sabufa yanayojitegemea, kila sabufa inapimwa na kucheleweshwa kivyake, hiyo nitaieleza chini. Na ya tatu ambayo kwangu ilikuwa ndo yenyewe: unaweza kupandisha spika ya kati na risiva ikakumbuka kwa kila chanzo tofauti, yaani king'amuzi kina setingi yake, apu za tivi zina yake. Kwenye king'amuzi spika ya kati iko juu kwa desibeli 3, kwenye muvi za apu ziko sawa sawa. Juu ya hapo kuna kitu kinaitwa Dialog Enhancer, kinang'arisha sauti ya mtu, ninakiweka kwenye kiwango cha chini maana kikizidi sauti inakuwa ya puani.

Ukiagiza nje, kabla ya kitu kingine chochote angalia kibandiko cha nyuma. Kiandikwe 230V na 50 Hz. Za Marekani ni 120V, za soko la ndani la Japani ni 100V, bei yake inaweza kukuvutia sana ila ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya kwetu imekufa pale pale, na ukitumia transfoma ya kushusha inabidi iwe kubwa ya maana na hiyo yenyewe inaunguruma na kupata joto sebuleni. Waranti nayo mara nyingi inabaki kwenye nchi uliyonunulia, kwa hiyo muulize muuzaji kabla. Ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 hesabu yangu ilivuka milioni nne, ni hela nyingi kwa mtu wa mshahara, tuliikusanya taratibu, na wala sijawahi kuijutia hata siku moja. Boksi nilienda kulichukua Dar nikarudi nalo kwa gari la rafiki yangu, limefungwa mkanda siti ya nyuma, maana kitu cha kilo 12 na nusu chenye bodi laini ndani sikutaka kikae kwenye buti la basi chini ya magunia ya watu.

Sasa umeme. Hapa Dodoma huwezi kuandika habari za risiva ukaruka umeme. Fundi alikuja na mita yake, tukakuta jioni watu wakiwa wanapika na kupasha maji umeme unashuka chini ya 200, usiku wa manane unapanda mpaka 240 na ushee. Nikaweka stabilaiza ya 2000VA peke yake kwa ajili ya tivi na risiva, na ile soketi ina waya wake toka kwenye mein swichi, haichangii na friji wala pasi. Alafu fundi akaenda nje kuangalia ethi, akarudi anatingisha kichwa, akaniambia bosi, hii ethi yako masika inafanya kazi kiangazi haifanyi, udongo umekauka mno. Na ni kweli kabisa, udongo mkavu unapitisha umeme vibaya, na huku kwetu mvua zikikata ardhi inakaa kavu miezi mingi. Akachimba upya, akashindilia fimbo ndefu zaidi, akazungushia mkaa na chumvi, tunamwagia maji hapo mara moja moja. Watu wanaona ethi ni kitu cha kupitishia ukaguzi tu, lakini kile kizuia mshtuko wa umeme unachonunua kinahitaji pa kumwagia huo umeme wa ziada, bila ethi ya uhakika kinga yake inapungua sana.

Radi ndo adui mkubwa zaidi na inaingia kwa mlango ambao watu hawauangalii. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili watu wanachomoa soketi wanalala, dishi limebaki limeunganishwa. Ile waya ya dishi inatoka juu ya paa inashuka mpaka kwenye king'amuzi, king'amuzi kimeunganishwa na risiva kwa HDMI, kwa hiyo radi ikipiga hata jirani umeme wake unatembea na waya ya dishi, unapita king'amuzi, unapita HDMI, unaingia kwenye bodi ya picha ya risiva, na hiyo bodi ndo ghali na ndo ngumu kuipata. Sisi wingu likijikusanya upande wa milimani tunachomoa vyote viwili, soketi na waya ya dishi. Mwanangu mkubwa anajua, hata tukiwa hatupo anafanya mwenyewe.

Nije kwenye kupima chumba, na hapa naomba ukae vizuri maana ukiruka hii umenunua nusu ya mashine. Kwenye boksi kuna maiki ndogo na stendi ya karatasi ngumu unaikunja mwenyewe inakuwa mnara. Unaiweka maiki pale kichwa cha mtu kinapokaa, kwa urefu wa masikio, risiva inapiga mlio kwenye kila spika, fyuup, fyuup, fyuup, inasikiliza, unahamisha maiki kidogo, inapiga tena, mpaka sehemu nane. Inataka kimya. Mchana mtaani kwetu haiwezekani, bajaji zinapita, jirani anachomelea mageti, na ile miezi ya saba na ya nane upepo wa Dodoma unapiga madirisha mpaka unadhani kuna mtu anabisha hodi. Nikasubiri usiku, watoto wamelala, nikazima friji, nikazima feni, nikavua hata saa ya ukutani maana ile tik tik ilikuwa inanipa wasiwasi. Mke wangu alikuwa amesimama koridoni anafuatilia kwa simu, mimi nahamisha mnara kwa vidole viwili. Katikati ya mlio wa spika ya kushoto mbwa wa jirani akaanza kubweka, risiva ikagoma, ikaandika kelele zimezidi, tukasubiri mbwa anyamaze tukarudia hiyo sehemu.

Ikimaliza inakuletea hesabu. Spika ya kushoto iko mita 3.1, ya kulia 2.7, kwa hiyo ile ya kulia inacheleweshwa kidogo ili sauti zote mbili zifike kwenye sikio kwa pamoja, maana sauti inatembea kama sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sabufa ilisomeka mita 4.6 wakati kwa tepu ya kupimia iko mita 3.4. Hapo wengi wanarekebisha kwa mkono, usifanye hivo, sabufa ina saketi zake ndani zinazochelewesha sauti na risiva imeuhesabu huo ucheleweshaji kama umbali, iko sahihi iache. Kitu ambacho nilibadilisha ni mpaka wa besi tu, spika zote nikaziweka kwenye "small" na mpaka 80 Hz, yaani chini ya hapo kazi yote inaenda kwenye sabufa. Hiyo 80 ndo kiwango cha THX, wale wanaoweka viwango vya sauti za sinema, miaka mingi na kwa nyumba nyingi inafanya kazi vizuri, spika ya kati inapumua, haihangaiki na besi, maneno yanatoka masafi.

Ila risiva haiwezi kuondoa mwangwi wa taili, huo unauondoa mwenyewe. Tuliweka zulia nene kati ya spika na makochi, mapazia mazito yenye bitana, na rafu ya vitabu ukuta wa nyuma. Kwa maoni yangu zulia lile limefanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote cha bei yake. Na besi nayo ina tabia ya chumba: sebule yetu ni mita 5 kwa 4, kwa hesabu chumba cha urefu wa mita 5 kinavimbisha besi ya karibu 34 Hz na upana wa mita 4 unavimbisha karibu 43 Hz, ndo maana ukikaa kona moja besi inakufunika na ukihama kochi la pili imepotea. Dawa ya hilo ni sabufa mbili sehemu tofauti za chumba, zinasawazishana, na ndo maana nilitaka yale matundu manne. Kwa sasa ninayo moja. Nilipata sehemu yake kwa njia ya zamani, unaiweka sabufa juu ya kochi unapokaa wewe, unapiga wimbo wenye besi ya mfululizo, afu unatembea kwa magoti ukutani ukisikiliza, pale besi inaposikika imenyooka bila kuvimba ndo unapoiweka.

Nguvu ya mashine hii ukiisikia kwa sauti ya chini ndo utanielewa. Masikio ya binadamu yanapoteza besi sauti ikishuka, watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo toka 1933, ndo maana redio ikiwa chini inasikika nyembamba. Risiva ina Dynamic EQ, ukishusha sauti yenyewe inarudisha besi kidogo kidogo kufidia sikio. Tunaangalia namba ya sauti kwenye risiva ikiwa -35 au -30 usiku, mtoto amelala chumba cha pili hasikii, na bado mvua ya kwenye muvi ina uzito wake. Siku ya kwanza mzee aliangalia taarifa ya habari akiwa ameegemea kochi lake la nyuma kabisa, hakuuliza kitu mpaka ikaisha. Akaniambia, mwanangu, yule binti leo nimemsikia hadi jina la kijiji. Mimi sikuhitaji ushahidi mwingine.

King'amuzi kwa vipindi vingi kinaleta sauti ya kulia na kushoto tu, hapo tumia hali inayoitwa Dolby Surround, inachukua kile kilichofanana pande zote mbili, ambacho mara nyingi ni sauti ya mtangazaji, inakipeleka spika ya kati, na kelele za uwanja inazisambaza pembeni na nyuma. Mechi ya Simba na Yanga kwa namna hiyo ni raha ya pekee, mtangazaji yuko mbele yako anaeleweka na mashabiki wako pande zote. Muvi zilizotafsiriwa hazifaidiki hivo, sauti ya mtafsiri imebandikwa juu ya maongezi ya asili na vyote viwili vinaenda spika ya kati pamoja, hakuna risiva ya kuwatenganisha. Na kwa muziki mimi nazima kila kitu nabaki na spika mbili. Nina rekodi ya akina mama wa Kigogo wanapiga muheme, unasikia kiganja kinavyotua kwenye ngozi, afu zeze linaingia pembeni likikwaruza, na sauti zao zinapishana juu ya hapo. Hizo ngoma zimezaliwa hapa hapa Dodoma na nilikuwa nimezisikia kwenye simu na kwenye spika za mikutano maisha yangu yote, kuzisikia hivi nilinyamaza.

Apu za tivi zinafika kwenye risiva kwa HDMI moja tu, ile iliyoandikwa eARC kwenye tivi, ambayo ilikuja na HDMI 2.1 mwaka 2017. Ile ARC ya zamani nayo inapitisha Atmos, ile sauti inayotumia mpaka spika za juu ya dari, ya apu kama Netflix maana imebanwa, eARC unaihitaji kwa sauti nzito isiyobanwa. Usipoteze hela kwenye waya za laki na nusu, waya nzuri ya mita mbili yenye chapa ya ubora inatosha kabisa.

Matunzo ya kila siku ni vumbi na joto. Vumbi letu hili jekundu ni laini sana, linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na risiva juu ina matundu mwili mzima kwa sababu sehemu kubwa ya umeme inaoula inautoa kama joto. Mama yangu mdogo alikuja kututembelea akaona hiyo juu iko wazi, akatuletea kitambaa kizuri cha kufuma kwa mkono, rangi ya maziwa, maua pembeni, akakitandika juu ya risiva kama inavyotakiwa kwenye sebule ya watu. Nilimshukuru, nikamwonyesha kwa kiganja chake joto linavyopanda kwenye matundu, tukakubaliana kitambaa kikae juu ya meza ya simu, na mpaka leo kiko pale. Risiva iache ipumue, usiifungie ndani ya kabati, acha nafasi ya kutosha juu na pembeni. Sisi sebule tunapiga deki badala ya ufagio mkavu, na kila baada ya muda naichomoa kabisa, naiacha ipoe, napitisha brashi laini na bloa ndogo kwa mbali.

LUKU haisumbui kama watu wanavyodhani. Tuseme inakula wati 80 ikiwa kwenye sauti ya kawaida, saa 4 kwa siku ni uniti 0.32, mwezi mzima uniti kama 10. Weka Eco, ile hali ya kuokoa umeme, kwenye auto, na kama hutumii ile ya kupitisha picha risiva ikiwa imezimwa, izime kwenye setingi maana inakula umeme usiku kucha bure.

Na wewe unayejenga sasa hivi, Iyumbu, Nala, Mtumba, popote, kabla ya plasta mwambie fundi umeme aache paipu tupu toka ukuta wa tivi mpaka ukuta wa nyuma wa sebule, na nyingine mbili mpaka juu ya dari kwa ajili ya spika za Atmos. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuja kukata plasta na kuvua taili baadae. Hata kama huna mpango wa risiva leo, ziache.

Kuhusu risiva ya mtumba, maana hilo ndo swali linalofuata kila mara: nunua, hakuna shida, risiva ya daraja la juu ya miaka kadhaa nyuma itakupa maneno masafi kuliko mpya ya bei ya chini. Kama hauchezi gemu za 4K kwa 120 Hz basi hata yenye HDMI 2.0 inatosha kabisa. Zile za kwanza za HDMI 2.1 za mwaka 2020 kutoka Denon, Marantz na Yamaha zilikuwa na shida ya chipu, ukichomeka Xbox Series X kwa 4K na 120 Hz picha inapotea, Denon na Marantz wakatoa kiboksi cha kurekebisha na Yamaha wakabadilisha bodi, kwa hiyo kama gemu ni muhimu kwako muulize anayeuza. Beba tivi ndogo au kifaa chako uende nacho, jaribu kila tundu la HDMI, jaribu kila chaneli na spika, iache iwake saa nzima uone kama inajizima. Muombe na ile maiki ya kupimia chumba, iwe ya modeli hiyo hiyo. Kama maiki imepotea mwambie apunguze bei, maana utaitafuta.